Kosa la Nambari Sita

Tollen, Iowa
3 Agosti 1994

Bwana Haugdahl,

Hunijui, ila jina la ukoo wangu utalikumbuka. Mimi ni Joyce, binti wa Clete Vondracek, yule mrushaji wa mkono wa kushoto wa timu ya Tollen mwaka 1952, wakati wewe ulikuwa ripota wa gazeti la hapa na mwandishi wa alama wa timu. Anwani yako nimeipata kwa mama mmoja wa kanisani ambaye dada yake ni jirani yako huko Duluth. Nisamehe kwa kukuvamia.

Siku ya Wafanyakazi, Jumatatu ya kwanza ya Septemba, mji unasimamisha ubao pale uwanja wa zamani, uandikwe michezo mitano ya kukumbukwa. Mmoja ni ule wa Baba dhidi ya Kesterville, tarehe 17 Julai. Mchoraji anataka maneno yote kabla mwezi haujaisha. Rekodi ya ligi inasema: "Vondracek, zamu tisa, pigo moja." Hilo pigo moja ndilo limenikalisha chini nikuandikie.

Mimi si mjuzi, lakini nimelelewa kwenye nyumba ambayo besiboli inazungumzwa kuliko mvua na mahindi. Mpigaji akiupiga mpira akafika kituo cha kwanza kwa uwezo wake, hilo ni pigo, na mrushaji linamhesabikia. Akifika kwa sababu mlinzi ameuchezea vibaya mpira ambao angeumudu, hilo ni kosa la mlinzi na mrushaji hana lawama. Anayeamua ni mtu mmoja tu, mwandishi wa alama. Mrushaji akimaliza zamu tisa bila hata pigo moja, amepata kitu ambacho wengine walicheza miaka ishirini wasikipate. Baba alicheza miwili.

Zamu ya nane mpira ulimwendea Dell Mapes, aliyekuwa akilinda kati ya kituo cha pili na cha tatu. Ndiye Mjomba Dell wangu, kaka wa marehemu mama yangu. Ukamponyoka. Waliokuwepo wanasema kwenye ubao wa matokeo ilitundikwa alama ya kosa, na mchezo ulipokwisha walimbeba Baba mabegani hadi barabarani. Kesho yake jioni gazeti likatoka na pigo moja. Ulibadilisha.

Baba ana miaka sitini na minne, na bado anaendesha duka lake la vifaa vya ujenzi. Hajui kwamba nakuandikia. Ninachoomba ni mistari miwili yenye sahihi yako, useme kwamba lile lilikuwa kosa. Kamati ya ubao imeahidi itakubali.

Wako kwa heshima,
Joyce Pruitt


Duluth, Minnesota
8 Agosti 1994

Bi. Joyce,

Barua yako imefika. Jibu ni hapana.

Nitaeleza kidogo kwa sababu umeandika kwa adabu na mwandiko wako unasomeka. Nimeandika alama za michezo 1,213 katika misimu kumi na tisa, kwanza Tollen, baadaye huku. Haikupita wiki bila mtu kuja kunilalamikia. Wapigaji walitaka makosa yageuzwe mapigo, warushaji walitaka mapigo yageuzwe makosa, na wake zao walitaka vyote viwili. Ningemsikiliza kila mmoja, kitabu changu kingekuwa kama risala ya harusi, kila mtu anasifiwa na hakuna cha kuaminika.

Mpira wenyewe naukumbuka. Ulidunda mara tatu, mdundo wa mwisho ukapanda kidogo. Kanuni ilinipa saa ishirini na nne kubadili uamuzi, na nilibadili ndani ya saa hizo. Ligi ilikufa mwaka 1956, na ofisi yake nasikia sasa ni duka la mazulia. Hakuna wa kumpelekea marekebisho.

Kabla hujaniandikia tena, muulize baba yako kama anakitaka hicho kitu.

O. Haugdahl


Tollen
14 Agosti 1994

Bwana Haugdahl,

Nimemuuliza. Alisema, "Joy, achana na mzee wa watu," akatoka kwenda kukata nyasi ambazo alizikata asubuhi hiyohiyo.

Mjomba Dell naye alikuwepo mezani, maana Jumapili zote anakula kwetu. Nilipotaja jina lako aliweka uma chini akaenda kuangalia tairi za gari lake. Tairi mpya, Bwana Haugdahl! Alizinunua Juni! Hivyo ndivyo ulivyowaacha. Miaka arobaini na miwili imepita, na wanaume wawili wazima hawawezi kulisikia jina lako wakamaliza viazi vyao.

Hapa mjini unaitwa Bwana Kifutio mpaka leo. Nilipokuwa mdogo nilidhani ndilo jina lako hasa. Wapo wanaosema watu wa Kesterville walikuhonga, wapo wanaosema macho yalikuwa mabovu na hukutaka kuvaa miwani. Mimi nilikuwa nawaambia pengine ni bahati mbaya tu, binadamu hukosea. Sasa nimesoma barua yako, naona hukukosea. Ulijua unachofanya.

Tangu juzi wachezaji wakubwa nchi nzima wamegoma. Hakuna mchezo wa kusikiliza. Baba anakaa barazani na redio yake imezimwa, mikono magotini. Ilikuwa ndani ya uwezo wako kumpa kitu kimoja kilichokuwa chake tangu mwanzo. Umenijibu habari za mazulia.

Joyce Pruitt


Duluth
17 Agosti 1994
Kwa Clete Vondracek, dukani, mkononi mwake mwenyewe

Clete,

Binti yako ameniandikia mara mbili. Mara ya kwanza kwa upole, mara ya pili kama wewe ulivyokuwa ukirusha vituo vikiwa vimejaa wapinzani. Nimempenda.

Anataka nitie sahihi kwamba lile la zamu ya nane lilikuwa kosa. Mimi na wewe tunajua lilikuwa nini. Niliandika kosa kabla Dell hajaokota mpira chini. Kesho yake saa tatu asubuhi ukanijia gazetini, nywele bado mbichi, ukaniambia kocha amemwonya Dell: kosa moja zaidi wiki hii, Jumatatu anapanda basi la kurudi kwao. Ukaniomba niligeuze pigo. Nilikukumbusha unachokitupa. Ukasema unakijua, na ukaniapisha nisimwambie mtu.

Katika misimu kumi na tisa wachezaji wote walikuja kwangu kutaka waongezewe. Wewe peke yako ulikuja kutaka upunguziwe. Ndiyo maana nilikubali, na ndiyo alama pekee ya uongo iliyomo kwenye vitabu vyangu.

Baada ya hapo sikuweza kunyolewa hapo mjini. Nilikuwa nakaa kwenye benchi la kinyozi mpaka wote waliokuja nyuma yangu wamalizwe, kisha anatazama saa anasema amefunga. Mwaka uliofuata nikahamia huku. Sikulalamika kwa mtu. Lakini Clete, tangu siku ile sijapata kwako hata kadi ya Krismasi. Liliniuma, na bado linaniuma.

Unifungue kiapo au usinifungue. Nauliza mara hii tu.

Orrin


Tollen
21 Agosti 1994

Orrin,

Mimi si mtu wa barua. Hii nimeianza mara nne.

Kadi nilinunua. Kila Desemba Arlene alikuwa ananipa bunda la kadi za kupeleka posta, nami naweka moja pembeni kwa ajili yako. Nikishika kalamu sijui niandike nini. Nikiandika asante, Arlene ataniuliza asante ya nini. Alipofariki niliendelea kununua, mazoea tu. Zimo dukani, kwenye boksi la misumari, chini ya kaunta.

Dell alibaki. Mwisho wa msimu dada yake akaja kumtazama akicheza, akakaa nyuma ya benchi letu na kofia ya kijani. Ndiye Arlene. Dell angepanda basi lile, nisingekuwa na mke yule wala binti huyu anayekutukana. Kwa hiyo pigo lile sijalijutia hata siku moja, nakuambia kweli.

Ninachojutia ni wewe. Watu walikuja dukani wakisema Kifutio hivi, Kifutio vile, nami nageuka kutafuta kitu kwenye rafu. Ningeweza kusema neno moja. Niliogopa kwamba nikilisema litamfikia Dell. Kisha ukahama, nikajiambia basi, yameisha. Huo ni uoga, sina jina jingine la kuupa.

Joyce nimemweleza jana. Alilia, halafu akanikasirikia, na ana haki zote mbili. Kiapo nimekufungua kwa Joyce. Lakini Dell asijue, nakuomba. Msimu ule ndio fahari yake. Anaamini alibaki kwa mikono yake mwenyewe.

Clete


Tollen
24 Agosti 1994

Mzee Haugdahl,

Ni Dell Mapes, yule nambari sita mwenye mikono kama chujio la chai. Anwani yako nimeiona kwenye bahasha juu ya friji ya Joyce. Sikuifungua, naapa. Nimeiba anwani tu.

Nina jambo ambalo sikumwambia hata dada yangu mpaka tunamzika. Mpira ule uliingia kwenye glavu yangu. Niliusikia ukitua, nikaanza kutazama kituo cha kwanza kabla sijaufumbata, ukatoka. Lilikuwa kosa hata mbele ya bibi yangu, na bibi yangu alikuwa ananipenda. Nikaona limetundikwa ubaoni, nikasema basi, Jumatatu nitakuwa nakamua ng'ombe wa mzee. Usiku ule nilifunga sanduku. Kesho yake jioni nikasoma gazeti: pigo. Nikakaa kitandani, sanduku miguuni, sielewi nicheke au nilie.

Sijui nani alikufuata. Ila nina mtu ninayemdhania, na ninakula kwake kila Jumapili. Tulikuwa tunalala chumba kimoja. Asubuhi ile aliamka kabla yangu, na Clete Vondracek hajapata kuamka kabla ya mtu yeyote tangu azaliwe.

Unaijua desturi yetu. Mrushaji akiwa katikati ya mchezo kama ule, hakuna anayemsemesha, hakuna anayelitaja jambo lenyewe, usije ukalitia nuksi. Kuanzia zamu ya tano Clete alikaa mwisho wa benchi peke yake, hata maji alijichotea. Nadhani mimi na yeye mchezo ulikwisha tukasahau kuiacha ile desturi. Mwaka wa kwanza nilinyamaza kwa aibu. Baadaye nikanyamaza kwa ajili yake, maana akijua kwamba najua, raha ya kunificha itamwisha. Na wewe katikati ukawa unatukanwa na watu nisiowakanya. Naomba radhi. Ningesema mapema.

Sasa wanataka kupaka rangi ubaoni, na rangi si penseli. Niandikie kosa langu. Jina kamili ni Delbert Mapes. Mpe Clete mchezo wake akiwa bado na macho ya kuusoma. Ila usimwambie kwamba nimeomba mimi. Atajifanya amekasirika, kisha atakwenda kukata nyasi.

Dell


Duluth
27 Agosti 1994

Bi. Joyce,

Baba yako ananiomba nisimwambie mjomba wako. Mjomba wako ananiomba nisimwambie baba yako. Wanakula meza moja kila Jumapili. Mimi nina miaka sabini na miwili, goti langu moja ni la chuma, na nimechoka kuwa kabati la siri la ukoo usio wangu.

Barua zao zote mbili zimo humu ndani. Nimejiuliza siku nzima kama ni haki kuzituma. Nilichoapa niliapa mwaka 1952, na baba yako amenifungua kwako. Mjomba wako hakuniapisha, aliniomba tu, na mimi tangu zamani watu wakiniomba huwa nakataa. Zisome kwanza wewe peke yako. Ukiona ni vyema zifungwe, zifunge.

Humo pia kuna karatasi ya mchezo ule. Nakala iliyokwenda kwa ligi ilikuwa safi. Hii ni yangu, niliyokuwa nayo magotini. Tazama zamu ya nane, mpigaji wa pili. Utaona alama ya pigo. Ukiinua karatasi kwenye dirisha utaona chini yake penseli niliyoifuta: alama ya kosa, na nambari sita, ambayo ndiyo nafasi ya mjomba wako. Nilifuta kwa bidii lakini nilikuwa nimeandika kwa mkono mzito, maana sikuwa na shaka.

Nimetia penseli na kifutio. Mchezo ni wao. Waandike wanavyokubaliana, kisha unirudishie, nami nitatia sahihi yangu kwa chochote nitakachokikuta pale.

Barua yangu ya kwanza ilikuwa kavu. Nilikuwa na neno la mtu mdomoni, na nilivyozoea, nikiwa na la kuficha huwa nakuwa mkali. Lile la mazulia lisamehe.

O. Haugdahl


Tollen
6 Septemba 1994

Mzee wangu Orrin,

Nimekaa na barua zile siku nne. Nilizisoma jikoni, nikazisoma maktabani ninakofanya kazi, nikawa naogopa. Juzi Jumapili, baada ya kuku na mahindi, niliondoa sahani, nikaweka karatasi yako katikati ya meza, nikawasomea ya Baba na ya Mjomba kwa sauti, moja baada ya nyingine, kabla hawajapata pa kukimbilia. Mlango wa nyuma nilikuwa nimeufunga, na ufunguo wa mashine ya nyasi ulikuwa mfukoni mwangu.

Kisha Mjomba akamwambia Baba, "Ulitoka na viatu vyangu asubuhi ile."

Baba akasema, "Vyangu vilikuwa uvunguni mwako. Nisingeviinamia bila kukuamsha."

"Vilirudi na matope."

"Ulikuwa unajua miaka yote hii, we Dell?"

"Na wewe ulidhani mimi mjinga miaka yote hii?"

Mjomba akachukua penseli, akafuta pigo, akaandika kosa na sita yake, kubwa kama ya mtoto wa darasa la kwanza. Baba akasema, "Shemeji, lete hapa," akanyang'anya kifutio, akafuta, akaandika pigo. Mjomba akafuta. Baba akafuta. Nikawaambia karatasi ni kuukuu, wakaniambia nikakate pai. Niliporudi na pai walikuwa wameacha, wote wawili wamekodoa macho. Pale zamu ya nane, mpigaji wa pili, pana tundu. Kidole changu kidogo kinapita.

Baba alicheka mpaka akavua miwani. Kisha hakuwa anacheka tena. Mjomba akahamisha kiti akakaa upande wake, bega kwa bega, wakala pai hivyo.

Mchoraji alitungoja mpaka jana asubuhi. Baba alimwambia aandike zamu tisa, na kwenye mapigo aache wazi. Watu walipokusanyika kutazama, Mjomba akapanda kwenye benchi akasema mpira ule aliudondosha yeye. Mzee mmoja nyuma akajibu, "Tunajua, Dell, tulikuwepo." Watu wakaangua kicheko. Ndipo Baba akasimama, na unajua hasemi mbele za watu. Alisema, "Huyo mnayemwita Kifutio, nilimwomba mimi afute. Akafuta, akanyamaza, mkamfukuza, na mimi nilikuwepo nikawaacha. Mkitaka kumwita mtu jina, niiteni mimi." Hakuna aliyepiga makofi. Wakaanza kumfuata mmoja mmoja wakimpa mkono, na wengine wakaniuliza kama una hali njema. Yule kinyozi alishafariki, lakini duka analo mwanawe. Amenituma nikuambie kiti kiko wazi na hutapanga foleni.

Na mimi nilikuita mtu anayejua anachofanya, kwa kukutukana. Nimeirudia sentensi ile kichwani. Naiacha kama ilivyo, ila tusi naliondoa. Njoo. Chumba cha juu kina dirisha, na ngazi zake ni chache kwa goti lako.

Karatasi nakurudishia utie sahihi, na tundu lake. Uliahidi.

Boksi linalokuja na barua hii ni lile la misumari, usishangae kutu. Kadi ni arobaini na mbili. Baba alikaa jana alasiri nzima akizitia sahihi na kuandika mwaka kwenye kila moja, na Mjomba akawa analamba bahasha na kulalamika. Wanasema usizifungue zote siku moja. Anza na ya 1952. Baba ameandika ndani neno moja tu, "Asante." Chini yake Mjomba ameandika, "Lilikuwa kosa."

Binti yako wa Tollen,
Joyce